Mkono wa Mbele, Upande wa Kulia

4 Februari

Kipimo mwanangu,

Huku tu wazima, kama bado unatuhesabu. Goti langu limepona, cherehani ndiyo inayoumwa sasa, na jirani wa ng'ambo ameoza binti yake wa tatu kwa sherehe iliyokuwa na spika nyingi kuliko wageni. Wewe je? Lifti zako hazijambo? Bado zinapanda na kushuka tu, au mmeshagundua upande mwingine wa kwenda?

Usishangae anwani. Nimehamia kwa baba yako kwa muda kwa sababu nyumba yangu inapakwa rangi.

Sasa jambo lenyewe. Nimepata gari. Tulia, si la kupanda. Ni gari la mashindano la kuchezea, linaloendeshwa kwa rimoti, urefu wake mkate mmoja na nusu, sauti yake nyuki waliokasirishwa. Nyuma ya kiwanda cha mbao kuna uwanja wa udongo wenye kona na vilima, na kila Jumamosi mchana watu wazima wenye kazi zao na wajukuu wao hupanda kwenye jukwaa na kushindana. Nami sasa ni mmoja wao. Cheka umalize, nakusubiri.

Umemaliza. Tatizo ni hili: kwenye kona ya tatu, ile inayopinda kushoto, gari hugonga nguzo na mkono wa mbele wa kulia hukatika. Nikisema mkono, nina maana ile plastiki inayotoka kwenye kifua cha gari kwenda kushika gurudumu. Nimeshakata minne. Muuza vipuri anasema iko ya aina tatu: plastiki laini, plastiki ngumu, na alumini inayong'aa kama vijiko vya wageni. Wewe ndiye uliyesomea vyuma. Nichukue upi?

Sikupigii simu kwa sababu kwenye simu unasema "sawa Shangazi" mara tatu kisha unakata. Barua utaisoma mpaka mwisho, maana wewe ni mtu wa kutafuta makosa.

Shangazi yako, mshonaji na dereva

19 Februari

Shangazi, shikamoo.

Mimi mzima, chumba changu kizima, na bomba la maji la juu yangu linavuja kwa adabu, tone moja kila dakika. Lifti zinapanda na kushuka. Abiria wanabonyeza kitufe mara sita wakidhani zitaona aibu zije haraka.

Nafurahi kusikia kwamba kwenye umri wa miaka sitini na mitatu umepata shughuli ya kugonga nguzo. Nilihofia utazeeka ukishona mapazia.

Chukua alumini. Plastiki inavunjika, chuma hakivunjiki. Sikuhitaji miaka mitatu ya chuo kujibu hilo. Ila nami nina swali. Unaishi nyumba moja na mtu aliyenyoosha miguu ya mbele ya malori kwa miaka arobaini. Yuko hapo, mlango wa pili kutoka kwako, na bila shaka bado ana maoni. Kwa nini umwandikie fundi wa lifti, ambaye kazi yake, kwa maneno ya huyo kaka yako mbele ya mafundi wote wa gereji, ni kufungua milango?

Sikuulizi habari zake. Nauliza tu kwa nini swali limesafiri mbali hivi.

Pakiti hii ina skrubu ndogo kumi na mbili. Kwenye magari hayo hupotea kwanza.

Kipimo

6 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Skrubu zimefika kumi na moja. Ya kumi na mbili naona ilitangulia kupotea. Goti bado zima. Mafundi rangi wamefika sebuleni.

Nimekuja kukupongeza. Mkono wa alumini haukuvunjika, ulisema kweli. Kilichovunjika ni kila kitu kilichokuwa karibu nao. Gari liligonga nguzo, alumini ikasimama imara kama mkuu wa shule, na kishindo chote kikaingia ndani. Kifua cha mbele kikapasuka vipande viwili, shokomzoba, lile bomba lenye springi linalomeza mishtuko, ikaruka, na daktari wa meno, ambaye ndiye bingwa wetu, akapiga magoti dakika ishirini kwenye nyasi akitafuta springi kwa miwani yake ya kazi. Aliipata. Aliniuliza ni nani aliyenishauri. Nikasema ni msomi wa familia.

Kwa hiyo tunarudi kwenye plastiki. Lakini kuna jambo jingine. Gari likitua kutoka kilima cha pili, pua inazama. Ikizama, magurudumu ya mbele yanang'ang'ania udongo kuliko ya nyuma, na mkia unakuja mbele kuangalia kuna nini. Je, kichwa cha shokomzoba kihamie tundu la nje au la ndani? Na mafuta yake yawe mazito zaidi, au springi ndiyo ibadilishwe kwanza?

Kuhusu kaka yangu, ana shughuli nyingi. Hana nafasi ya vitu vya kuchezea.

Shangazi

30 Machi

Shangazi, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Mambo ya kazini.

Wewe ndiye uliyewahi kuniomba "msumari unaozunguka" ukimaanisha skrubu. Wewe ndiye uliyepeleka baiskeli kwa fundi kwa sababu kengele ilikuwa haina sauti ya furaha. Leo unaniuliza habari za kichwa cha shokomzoba na tundu la nje. Ama umepata elimu kwa ndoto, ama kuna mtu nyuma ya kiti chako. Mwambie namsalimia, na nampa pole kwa mwanafunzi aliyempata.

Nikiri: alumini lilikuwa jibu la mtu wa stoo. Kishindo kikija lazima kiende mahali. Ukikizuia mkononi kitaingia kifuani. Jaribu ile plastiki laini. Kichwa cha shokomzoba hamishia tundu la nje ili isimame wima zaidi, na mafuta yawe mazito hatua moja. Springi iache. Ukibadilisha vitu vitatu kwa siku moja hutajua ni kipi kilichokuokoa.

Halafu nitasema jambo ambalo hukuniuliza. Mikono minne na kifua kimoja vimekufa kwenye nguzo ile ile, upande ule ule. Hilo sasa si tatizo la gari. Kona inapinda kushoto, na dereva wako anafika kwa kasi, hafungi breki, anaenda nje mpaka nguzo inamsimamisha. Wewe huwezi kuwa dereva huyo, Shangazi. Wewe hufunga breki hata ukitembea kwa miguu. Anayeendesha ni nani?

Na mafundi rangi wako wanapaka nyumba au mji?

Kipimo

14 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na salamu zako nimezifikisha kwa hewa, maana nyuma ya kiti changu hakuna mtu.

Tundu la nje na mafuta mazito vimesaidia. Pua haizami tena, gari linatua kama paka. Plastiki laini nayo imetimiza Jumamosi moja nzima bila kukatika, ila inapinda mno. Kwenye kona magurudumu mawili ya mbele yanatazama pande mbili, kama ndugu waliogombana. Tukajaribu plastiki ngumu. Ilivunjika kabla mashindano hayajaanza, wakati wa kupasha moto. Ilitoa mlio wa biskuti. Kwa hiyo kwa duka la vipuri tumemaliza. Aina zote tatu zimeshindwa, na wewe ni msomi.

Dereva ni mimi. Nani mwingine?

Kuna mtu hapa uwanjani, mtu tu, anauliza: rimoti yetu hushikwa kwa mkono wa kushoto, kidole cha kushoto ndicho kinachoongeza mwendo na kufunga breki, na mkono wa kulia unazungusha usukani. Je, iko yenye usukani unaohamia upande wa pili? Kwa sababu mtu huyo anaizungusha kwa kushoto, na anabonyeza breki kwa kidole cha kulia ambacho hakisikii maagizo kwa wakati. Nauliza kwa niaba yake.

Rangi inasubiri kukauka.

Shangazi

2 Juni

Shangazi,

Shikamoo.

Nimekaa wiki saba bila kukujibu. Ungenitukana ningekuwa na la kushika, lakini hukuandika hata mstari, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi.

Kwenye pakiti kuna mikono miwili, wa kulia na wa kushoto. Haikutoka dukani. Lifti nayo ina viatu, Shangazi: vipande vinavyoteleza kwenye reli za pembeni ili chumba kisiyumbe. Ndani vina nailoni nene, ngumu lakini yenye huruma. Unaipiga nyundo inarudi ilivyokuwa. Viatu vikichakaa hutupwa. Nikaokota viwili, nikachora mkono kwa penseli kwa kuiga wa dukani, nikakata kwa msumeno wa chuma na kumalizia kwa tupa. Minne ya kwanza iliharibika. Mmoja nilitoboa tundu la pini upande wa nje badala ya ndani, ningefaa kuachishwa kazi. Hii miwili nimeipima, inafanana.

Rimoti yenye usukani wa kuhama ipo. Muuza vipuri wako aagize ile ya kushika kwa upande wowote. Usukani unafunguliwa kwa skrubu mbili.

Sasa nijibu kwa mistari michache, bila kejeli. Huyo mtu wako wa uwanjani, ni mkono wa kulia peke yake, au na mguu? Na ni tangu lini?

Kipimo

9 Juni

Kipimo mwanangu,

Nyumba yangu haijaguswa na brashi tangu uwe darasa la nne.

Ni tangu Novemba. Kaka alikuwa chini ya lori la mchanga. Spana ikamtoka mkononi, akaiokota, ikamtoka tena. Mara ya tatu aliitukana mbele ya mteja. Kufika jioni mdomo ulikuwa umeenda upande. Madaktari wakasema kiharusi. Mguu unaburuta kidogo tu. Mkono wa kulia uko pale, unaning'inia kama wa mtu mwingine; vidole tu ndivyo vinavyosikia, tena kwa kuchelewa. Maneno yalipotea wiki tatu kisha yakarudi yote, kwa bahati mbaya yetu.

Hospitali walimpa mpira wa kuminya. Aliurusha nje ya ua. Akampa mtaalamu wa mazoezi hotuba juu ya watu wazima na mipira. Akakaa miezi miwili akitazama ukuta wa gereji iliyofungwa. Daktari wa meno, ambaye ni mteja wake wa zamani, ndiye aliyemletea hili gari, akaliweka mezani. Kaka akaligeuza kwa mkono wa kushoto, akatazama miguu ya mbele, akasema, "Nani mjinga aliyebuni hii?" Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi yake ya kwanza ndefu tangu mwaka uanze.

Mikono ilipoanza kukatika nikamwambia, "Mwanao anajua mambo haya."

"Muulize," akasema. "Usimwambie ni mimi."

"Kwa nini nisimwambie?"

"Atakuja na mfuko wa matunda. Atakaa pembeni ya kitanda aniulize kama nimekula. Sitaki mgeni wa hospitali."

"Sasa unataka nini?"

Akasukuma kikombe cha chai pembeni. "Nataka ajibu swali."

Basi nikaandika. Maswali yote ya gari ni yake; salamu na kejeli ndizo zangu. Barua zako nilikuwa nikimsomea mezani, na ulipoandika "jibu la mtu wa stoo" alicheka hadi akahitaji kitambaa. Ulipoandika "huyo kaka yako" aliomba nirudie mstari huo, kisha akaenda kulala bila kuaga.

Mikono yako ya nailoni ameikagua kwa nusu saa. Hajaitukana. Kwa mtu yule, hiyo ni tuzo.

Nimekujibu bila kejeli kama ulivyotaka, nimechoka kuliko nikishona sare za shule nzima. Sasa zamu yako. Fundi wa lifti anapata wapi wiki saba za kupiga tupa, na kwa nini "jibu la mtu wa stoo" limekutoka kirahisi hivyo?

Shangazi

28 Juni

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia hii wewe peke yako. Ukimsomea nitajua, kwa sababu utaniandikia kwa upole.

Agosti iliyopita nilikuwa juu ya paa la lifti, kati ya ghorofa ya tisa na ya kumi, nikibadilisha hivyo viatu nilivyokutajia. Breki ikaachia. Tulishuka, mimi na lifti, ghorofa mbili na nusu kabla ya kamba ya usalama kushika. Sikuumia hata ukucha. Nilikaa pale saa mbili nikisubiri wenzangu, nikiwa nimekumbatia bomba la umeme, nikisikia watu kwenye korido wakilalamika kwamba lifti mbovu tena.

Tangu siku hiyo siingii. Nafika mlangoni na sanduku la vifaa, mlango unafunguka, naona ule weusi chini, na mikono inaanza kutetemeka mpaka spana zinagongana ndani ya sanduku. Walinivumilia miezi miwili. Sasa niko stoo. Nakaa nyuma ya dirisha dogo lenye nondo, mafundi wananiambia "nati nane za milimita kumi", nawapa, wanasaini. Nilitoka gereji ya baba yangu kwa kishindo, nikasema naenda kufanya kazi ya watu waliosoma, na kumbe nilikuwa nakwenda kwenye dirisha.

Ndiyo maana mpaka leo sijaja. Mwanzoni ilikuwa hasira. Halafu hasira iliisha, nikabaki na aibu, na aibu haina nauli.

Jambo moja zaidi. Nilipokuwa nakata ile nailoni, mikono ilitulia. Niliona nimemaliza upande mzima wa mkono wa kulia na tupa haijayumba. Sijui kama ina maana yoyote. Nakuambia tu.

Kipimo

15 Julai

Mwanangu mpendwa,

Ninakutakia afya njema na moyo mkunjufu, na nakuombea amani katika kila hatua yako.

Ndiyo, nilimsomea.

Usinifokee kwa barua, nina miaka sitini na mitatu. Niliisoma yote, kutoka kwenye paa la lifti mpaka kwenye tupa. Hakunikatiza hata mara moja, na wewe unajua hilo halijawahi kutokea. Nilipofika kwenye nauli alisimama, akachukua fimbo, akaenda gereji akakaa huko mpaka chakula cha mchana kikapoa. Nilipokwenda kumwita nilimkuta ameketi kwenye kiti chako kile kifupi cha utotoni. Akaniuliza, "Ghorofa mbili na nusu ni mita ngapi?" Nikasema sijui, mimi hupima nguo. Akasema, "Kama mita nane." Kisha akasema tena, "Mita nane," na hakutaka kula.

Jumamosi tukaenda uwanjani. Rimoti ilikuwa imefika, usukani umehamia upande wa pili, kushoto anazungusha, na kidole cha kulia kimeshikizwa kwenye breki kwa mpira wa nguo nilioushona mwenyewe. Kwenye mzunguko wa nne, kona ya tatu, akachelewa. Gari likaenda nje, likaigonga nguzo kwa mkono wa kulia. Sote tukafumba macho. Likarudi nyuma, likajitikisa kama mbuzi aliyetoka mvuani, likaendelea. Daktari wa meno alisahau kuendesha la kwake kwa mshangao. Tumekuwa wa tano kati ya kumi na mmoja. Mwalimu wa hesabu, aliyekuwa wa sita, ameomba mashindano yahesabiwe upya.

Jana wakati nakata kitambaa akaja, akasimama mlangoni.

"Mwandikie," akasema. "Mwambie mkono wake wa kushoto umepinda. Gurudumu linaegemea ndani, milimita mbili nzima. Kazi ya haraka. Aliyeutengeneza aje auone mwenyewe, aone aibu."

"Niandike hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Niongeze salamu?"

Akafikiri. "Mwambie kitanda cha chumba cha nyuma kipo. Na asilete matunda."

Shangazi

22 Julai

Shangazi, shikamoo, na kwa usaliti wako tutazungumza uso kwa uso.

Nimeomba likizo ya wiki mbili. Mkuu wa stoo aliuliza ni ya nini, nikasema kuna mkono umepinda nyumbani. Akatia saini haraka, na pole akanipa.

Nafika Ijumaa, basi la asubuhi. Nakuja na nailoni ya kutosha mikono sita, tupa mbili na kipimo changu cha chuma.

Lakini huyo baba yangu mwambie hivi kabla sijafika. Nimetoa mchoro, nimepima tena kila tundu, na ile mikono haikupinda hata unywele. Mkono wa kushoto ameufunga juu chini.

Kipimo

24 Julai

Mwanangu,

Ameugeuza. Gurudumu limesimama wima. Amenikataza nisikuandikie.

Shangazi